Wakati wa Sinema, Nani Alibaki Jikoni?

Wastaafu wawili wakikutana siku hizi, iwe msibani, iwe katika foleni ya kuhakiki pensheni, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajaitaja sinema. Huyu atasema Avalon, yule atasema Empire, wa tatu aliyekuwa amekaa kimya atadakia kwa New Chox, na mara watu wazima wenye wajukuu wanaanza kuimba Kihindi wasichokijua hata neno moja. Aliyekulia Moshi ataikumbuka Plaza, wa Arusha ataitaja Metropole, na wa Unguja hatakubali kwamba palipata kuwapo jumba lililoishinda Majestic. Kutoka sinema mazungumzo huhamia kwenye chakula: wali wa nazi wa mama, mtori wa bibi, maharage yaliyolala chunguni hadi asubuhi. Kisha hufuata mapendeleo ya jioni, yaani bao, redio, na mikusanyo ya stempu iliyotunzwa ndani ya daftari za shule. Huo ndio mtiririko, nami sijapata kuuona ukibadilika.

Ni mazungumzo mazuri. Mtu aliyetumikia taifa miaka thelathini au arobaini ana haki ya kuyakumbuka yaliyomfurahisha, na anayemcheka kwa hilo hajazeeka bado. Lakini katika kumbukumbu hizo kuna mtu mmoja ambaye kila mara hukosekana, na katika makala haya, ndugu msomaji, napenda tumtafute.

Vijana hawana budi kuelezwa kwanza sinema ilikuwa nini. Tanzania Bara haikupata televisheni hadi mwaka 1994, na ingawa Zanzibar iliitangulia kwa miaka ishirini hivi, kwa watu wengi wa mijini kuona picha zikitembea kulikuwa na njia moja tu: kwenda kwenye jumba, kupanga foleni, kukata tiketi, na kuketi gizani pamoja na mamia ya watu wengine. Karani na kuli walitofautiana bei ya kiti, lakini walitoka mlangoni wakiimba wimbo mmoja. Mwalimu aliwakuta humo wanafunzi wake, na kila mmoja akajifanya hakumwona mwenziwe. Dar es Salaam kulikuwa pia na sinema ya magari kule Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako jamaa nzima ilifika na watoto, mikeka na vyombo vya chakula, ikatazama picha chini ya nyota. Mahali hapo leo pamejengwa ubalozi wa Marekani. Majumba mengi ya mjini nayo yamekwisha kugeuzwa kazi. Yapo yaliyokuwa maduka, yapo yaliyokuwa maghala, na yapo yaliyoachwa yakazeeka yenyewe.

Picha zilizopendwa kuliko zote zilitoka Bombay. Wapo wataalamu waliojiuliza kwa nini watu wasiojua Kihindi walizipenda hivyo, lakini mimi sioni ajabu yoyote. Awaara, ya mwaka 1951, inamhusu kijana anayelelewa katika mtaa wa maskini akawa mwizi, kumbe baba yake ni hakimu aliyemfukuza mkewe akiwa mjamzito. Na hakimu huyo ndiye anayeamini kwamba mtoto wa mwizi hana njia ila kuwa mwizi. Swali kama hilo halikuhitaji mkalimani mbele ya watu waliokuwa wametawaliwa na wageni kwa hoja ya nasaba na rangi. Kuhusu nyimbo, vikundi vya taarabu vilizichukua sauti zake vikazitilia maneno ya Kiswahili, na mpaka leo wako waimbaji wa nyimbo hizo wasiojua kwamba zilipita kwanza kinywani mwa Raj Kapoor, ambaye naye alikuwa akifumbua kinywa tu huku mwingine akiimba.

Pengine ni vema ikumbukwe pia kwamba tulikuwa na picha zetu wenyewe, kwani wako wanaodhani filamu ya Kiswahili ilizaliwa na kanda za video za miaka ya 2000. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa mchezaji wa filamu kabla ya hapo; alionekana katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, nayo katika miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, iliyohusu maisha ya vijiji vya Ujamaa. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, kitambaa cheupe kikatundikwa, na kijiji kizima kikakusanyika. Hayo yote ni historia ya kuonewa fahari, lakini sitaki kukaa nayo sana leo.

Picha ninayotaka kukaa nayo ni Mother India, ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan. Wengi waliiona zaidi ya mara moja. Nargis anacheza kama Radha, mwanamke wa shamba aliyeolewa kwa arusi ya mkopo. Mama mkwe ameweka shamba rehani kwa mkopesha fedha aitwaye Sukhilala, na riba inaila familia hiyo mwaka hata mwaka. Mumewe anapondwa mikono yote miwili na jabali. Kwa aibu ya kulishwa na mkewe anaondoka usiku asirudi tena. Gharika inakuja. Radha anabaki na watoto na deni, na kwa kuwa hana ng'ombe wa kulima anajifunga mwenyewe kwenye plau na kuivuta. Sukhilala anataka kumnunua kwa chakula cha watoto wake, naye anakataa. Mwishoni mwanawe mpendwa, Birju, akiwa amegeuka jambazi na kumteka bintiye Sukhilala siku ya arusi yake, Radha anashika bunduki na kumwua kwa mkono wake, kwa sababu heshima ya binti wa kijiji, hata akiwa binti wa adui, ni kubwa kwake kuliko mwana.

Majumba ya sinema yalijaa vilio kwa picha hiyo. Wanaume waliokuwa hawajalia tangu jandoni walifuta macho kwa mikono ya mashati. Kisha taa zikawashwa, watu wakatoka, wakatembea kwa makundi wakisimuliana, wakafika nyumbani. Na huko nyumbani Radha wa kila mmoja alikuwa ameinama juu ya mafiga akipuliza moto, akingoja kumpakulia mtu aliyetoka kumlilia Radha wa Bombay.

Huyo ndiye mtu anayekosekana katika mazungumzo ya wastaafu. Jina lake hutajwa, tena kwa sifa: wali wa mama. Saa zake ndizo zisizotajwa.

Haki itendeke: wanawake nao walikwenda sinema. Unguja na katika miji mingine ya pwani kulikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, ambapo mwanamke aliyezuiliwa kuchanganyika na wanaume aliweza kwenda na mashoga zake, akaketi, akacheka kwa sauti, akalia bila kuulizwa analilia nini. Mabibi waliobahatika kuyaona maonyesho hayo huyasimulia kwa furaha ambayo sijaisikia kwa mwanamume yeyote, na nadhani sababu ni kwamba kwao ilikuwa tunu. Kwa saa tatu hakuna aliyewauliza chumvi iko wapi. Lakini saa hizo zililipiwa mapema. Chakula kilipaswa kuwa kimekwisha kupikwa na kufunikwa, watoto wameogeshwa, maji yamejazwa mtungini. Mwanamume alilipa shilingi za tiketi akaingia. Mwanamke alilipa shilingi zile zile pamoja na asubuhi nzima. Hata kule Msasani, vile vyombo vya chakula vilivyoteremshwa kutoka garini havikujipika vyenyewe.

Tuje basi kwenye chakula chenyewe, maana hapa sifa huwa nyingi na hesabu huwa chache. Msifu wa wali wa nazi mara nyingi hajui wali huo umetoka wapi. Mchele huchaguliwa mawe na chuya kwenye ungo, tena mchana, kabla mwanga haujapungua. Nazi huvunjwa, hukunwa kwenye mbuzi na mkunaji akiwa ameketi ameinamisha mgongo, kisha machicha hutiwa maji, hukamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu. Tui zito huwekwa kando, jepesi hutangulia chunguni. Moto hupunguzwa, makaa huwekwa juu ya kifuniko, na mpishi hasogei mbali kwa sababu wali wa nazi haumsubiri mtu. Hapo bado samaki hajaguswa. Maharage makavu, yasipolowekwa, huchukua saa mbili au tatu motoni. Makande huchukua zaidi. Na kabla ya yote hayo kuna kuni zilizotafutwa na maji yaliyochotwa, kazi ambazo mtu wa mjini aliye na bomba husahau kuzihesabu. Tukisema chakula cha siku hizi hakina ladha kama cha zamani, tunachokumbuka kwa sehemu kubwa ni ladha ya muda wa mtu mwingine.

Katika miaka ya upungufu sanaa hiyo ilifika kilele chake. Waliokuwa watu wazima katikati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na mafuta ya kula, na wanaukumbuka ule unga wa manjano uliotoka nje, ambao wananchi waliupa jina la unga wa yanga kwa rangi ya timu ya Young Africans. Walaji waliucheka. Aliyekuwa akiusonga ndiye aliyelazimika kutafuta namna ya kuufanya ulike, kama alivyotafuta namna ya kunywesha watoto chai kwa sukari guru na kuweka muhogo wa kuchemsha mahali pa mkate. Mwaka 1975 serikali iliendesha kwa redio kampeni ya Chakula ni Uhai, kama ilivyoendesha Mtu ni Afya mwaka 1973, na watu wengi walikaa katika vikundi kujifunza lishe bora. Ilikuwa kampeni njema sana. Hata hivyo, baba aliyejifunza kikundini umuhimu wa mchicha, alipofika nyumbani, kwa kawaida alimwambia mama apike mchicha.

Kuna jambo la moshi pia, na hapa siwezi kulitaja kwa mzaha. Wapo wanaodai kwamba chakula cha gesi hakina utamu, kwamba pilau bila harufu ya kuni si pilau. Nimewasikiliza kwa makini, na nimeona kwamba wasemaji hao ni nadra kuwa ndio wapuliza moto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yatokanayo na hewa chafu ya ndani ya nyumba, ambayo chanzo chake kikubwa ni kupikia kuni, mkaa na mafuta. Macho mekundu ya mabibi zetu hayakuwa uzee tu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 umeweka lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mtumishi wa serikali anayeusambaza mkakati huo kwa waraka mchana, kisha jioni akanung'unikia ladha ya wali wa gesi mezani pake, anajipinga mwenyewe.

Mapendeleo ya jioni nayo yana siri yake. Mimi ni mpenzi wa bao, wala sitaki mtu aseme ninalibeza. Mashimo 32 na kete 64 zinatosha kumfundisha mtoto hesabu kuliko vitabu fulani nilivyovipitia, na mchezaji hodari hubeba kichwani mitaji ambayo mwalimu wa hisabati ataionea wivu. Mwalimu Nyerere alilicheza bao. Tena yeye aliyekuwa na kazi kuliko sisi sote alipata wasaa wa kumtafsiri Shakespeare: Julius Caesar ilitoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu mwenye pendeleo nje ya kazi yake hustaafu salama zaidi; asiye nalo hukaa barazani akihesabu magari yanayopita.

Lakini tazama barazani ni nani anayecheza, kisha chungulia uani. Uani utamkuta mwanamke anasuka ukili, au anafuma kitambaa cha meza, au anashona kofia ya mumewe tundu kwa tundu kwa uzi na sindano. Naye atakwambia anapumzika. Ni kweli, ukilinganisha na kutwanga. Ila mwisho wa mapumziko yake kuna mkeka au kofia itakayouzwa au kuvaliwa, na mwisho wa mapumziko ya barazani kuna kete zilizorudishwa mahali pake. Mkono mmoja unacheza, mwingine unazalisha hata unapocheza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiona jambo hili waziwazi. Lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na likawaambia wanaume wa vijijini, bila kuwapaka mafuta, kwamba nusu ya maisha yao wako likizoni. Walimu walilifundisha Azimio hilo madarasani, na wanafunzi walijibu maswali yake mitihani mingi. Ukurasa huo nadhani ulirukwa mara nyingi kuliko mingine.

Atatokea mtu wa kuniambia kwamba wanawake wale walipenda kupika, kwamba ilikuwa fahari yao. Bila shaka walipenda, na fahari walikuwa nayo. Fundi yeyote ana fahari ya ufundi wake. Hilo haliondoi swali la likizo. Mwingine atasema jiko si mahali pa mwanamume kwa mila. Huyo namwomba atazame masufuria makubwa ya pilau kwenye arusi na hitima za pwani, aone mara nyingi ni nani ameshika mwiko. Atazame majiko ya mahoteli, ya shule za bweni, ya makambi, na vibanda vya chipsi mitaani. Kote huko utamkuta mwanamume, tena mara nyingi hodari. Inaonekana basi kwamba mila haimkatazi mwanamume kupika. Inamkataza kupika bila malipo.

Hali ya leo imezidisha ugumu, kwa sababu Radha wa leo ni mwalimu wa sekondari au afisa katika wizara. Anatoka kazini saa ile ile na mumewe, wanabanana katika basi moja, wanafika pamoja. Mmoja anaketi mbele ya televisheni na mwingine anavua viatu aingie jikoni. Simu imeleta picha zote za zamani kiganjani. Awaara inapatikana, Sholay ya mwaka 1975 inapatikana, na nyimbo zake hutumwa katika makundi ya wastaafu kila Ijumaa. Sinema imerudi nyumbani bila tiketi. Lakini ukiangalia ni nani anayeitazama picha yote kwa kikao kimoja na ni nani anayeiona vipande vipande akipita na sahani, utaona kwamba jumba limebomolewa na viti vimebaki vilevile.

Walimu wana sehemu yao hapa, na ni kubwa kuliko wanavyodhani. Kwa miaka mingi sayansi kimu ilikuwa hasa ya wasichana na ufundi ukawa hasa wa wavulana, na watoto wakajifunza mgawanyo huo vizuri kuliko walivyojifunza somo lenyewe. Shule iliyo na bustani na jiko haihitaji bajeti mpya ili kumweka mvulana kwenye mbuzi ya nazi na msichana kwenye randa. Mwalimu wa Kiswahili naye anaweza kuwatuma wanafunzi wa kiume kuandika insha juu ya namna chakula fulani cha nyumbani kinavyopikwa, hatua kwa hatua, wakiwa wamekipika wenyewe mbele ya mama au bibi. Vyakula vingi vinapotea kwa sababu vilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, kwa vipimo vya kiganja na konzi, na mtu huyo hakuulizwa.

Kwa wastaafu nina pendekezo jepesi zaidi. Zipo kumbi za halmashauri na za shule zinazokaa tupu Jumamosi. Mashine za kuonyesha picha ukutani, ambazo ofisi nyingi zinazo kwa ajili ya semina, zinakaa kabatini mwisho wa juma. Waandae onyesho la asubuhi la wanawake watupu, kama yale ya pwani, na waanze na Mother India, isiyokatwa, yenye urefu wake wote wa karibu saa tatu. Wanawake waende bila kupika kwanza. Mbuzi iachwe uani, nazi mbili kando yake, mchele ukiwa haujachaguliwa, na wale wanaoukumbuka sana wali wa mama wabaki nao. Ukiungua siku ya kwanza si neno; ukoko wa wali wa nazi una wapenzi wake.